Kwa nini mhudumu wa wazee haanzi na nyumba ya karibu?

Mhudumu anayezungukia wazee majumbani huko Kibosho, juu ya Moshi, akiwa na wagonjwa 8 kwa siku, utadhani ataanza na wa karibu, aende kwa anayefuata, mpaka amalize. Akifanya hivyo atachelewa, na atakayeumia ni mzee.

Hesabu ya kupanga nani atangulie na nani afuate ni nzito. Nyumba ya kwanza ina chaguo 8, ya pili 7, ya tatu 6, hivyo hivyo hadi mwisho. Zidisha zote, unapata mipangilio 40,320. Ongeza wazee 2 tu, inafika 3,628,800. Nyumba zikizidi, hata kompyuta mara nyingi hutafuta njia nzuri ya kutosha, si ile bora kuliko zote.

Mlimani kuna shida nyingine. Mito ya Kilimanjaro imechimba makorongo kutoka juu kwenda chini, na barabara nyingi hufuata migongo iliyo katikati yake. Ukisimama kihambani, yaani shamba la nyumbani, kwa bibi mmoja, kati ya migomba unaliona bati la nyumba ya babu ng'ambo ya korongo; mnaweza hata kuitana. Kwenye ramani ni majirani. Kwa bodaboda, huenda ukalazimika kushuka mpaka karibu na lami, uvuke, kisha upande tena. Ndiyo maana umbali hupimwa kwa dakika, na wazee wa mgongo mmoja hupangwa pamoja.

Halafu kuna saa. Bibi mwenye kisukari anayechomwa insulini kabla ya kula anamsubiri mhudumu ndipo anywe uji. Ukimpangia saa 4, umemshindisha njaa. Kufunga kidonda kunaweza kungoja saa 5, kupima presha hata mchana. Kwa hiyo wenye saa zisizosogezeka hupangwa kwanza, wengine wanajazwa katikati. Kisha unawabadilishia wawili nafasi: dakika zikipungua, acha hivyo, zisipopungua, rudisha. Programu za kupanga safari nazo hujaribu hivyo hivyo, mara maelfu kwa sekunde chache.

Kitu kimoja kisiuzwe kwa ajili ya dakika: mtu aliyezoeleka. Mzee anayeogeshwa na sura mpya kila wiki huona aibu, na anaweza kuficha kidonda kinachoanza mgongoni. Afadhali mhudumu wake azunguke kidogo.

Masika ya Machi hadi Mei yakianza, ratiba ya Februari haifai tena, maana njia za udongo zinateleza. Kabla ya kupanga upya, waulizwe bodaboda wa kijijini ni wapi hapapitiki.