Mashine imeuzwa: usiifute safu ya mmiliki

Kazi za namna hii huanza na faili moja la lahajedwali. Mtu ameuza biashara yake ya mashine za vinywaji na vitafunio, mnunuzi anataka mfumo wa kueleweka, na muuzaji anakukabidhi faili ambalo amelijaza kwa mkono tangu siku ya kwanza. Ukilifungua unakuta mistari kama huu: mashine 17, ukumbi wa ghorofa ya pili, "maji, soda, biskuti, biskuti, karanga", simu ya mwenye jengo, kamisheni 10%, jina la mmiliki. Kila kitu kimo humo humo, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Sehemu ya nomalaizesheni yenyewe, yaani kugawa data katika majedwali ili kila jambo likae mahali pamoja tu, haina makuu. E. F. Codd wa IBM alichapisha modeli yake ya mahusiano, ya kupanga data katika majedwali, mwaka 1970, na tangu hapo wanaojenga hifadhidata wamekuwa wakiulizana swali lile lile: jambo hili linategemea nini hasa? Orodha ya bidhaa iliyobanwa kwenye kisanduku kimoja inavunja fomu ya kwanza, yaani kanuni ya kisanduku kimoja thamani moja, kwa hiyo inahamia jedwali la `nafasi`, mstari mmoja kwa kila nafasi ndani ya mashine. Ufunguo wake, yaani kinachotambulisha kila mstari, ni mashine pamoja na msimbo anaoubonyeza mteja, si mashine pamoja na bidhaa. Mashine 17 ina biskuti B4 na pia B5. Ukifanya bidhaa kuwa ufunguo, nafasi moja itakosa pa kukaa.

Ukumbi nao hautegemei B4, unategemea mashine tu, basi utoke kwenye jedwali la nafasi. Hiyo ni fomu ya pili. Simu ya mwenye jengo haitegemei hata mashine, inamtegemea mwenye jengo, na kumweka kwenye jedwali lake ndiyo fomu ya tatu. Hapa wengi hufunga kompyuta wakaenda kulala.

Mimi pia niliwahi kulala hapo. Katika kazi moja ya mwanzo niliacha safu ya `mmiliki_id` ndani ya jedwali la `mashine`. Ilionekana sawa kabisa: mashine moja, mmiliki mmoja, fomu ya tatu haijavunjwa popote. Siku ya makabidhiano niliendesha sasisho moja, mmiliki mpya akachukua nafasi ya wa zamani kwenye mashine zote. Wiki chache baadaye muuzaji akaomba ripoti ya mauzo ya mwaka uliopita kwa ajili ya kodi yake. Ripoti ikatoka na sifuri. Mauzo yote, hata yale ya kabla mnunuzi hajaifahamu biashara, yalikuwa yamehamia kwa mnunuzi. Hakuna data iliyopotea isipokuwa moja tu: nani alikuwa mwenye mali siku ile.

Kwa hiyo siku hizi umiliki naupa jedwali lake: `umiliki`, lenye mashine, mhusika, kuanzia lini, mpaka lini. Mashine ikiuzwa hufuti kitu. Unafunga mstari wa zamani kwa kuujaza "mpaka", unafungua mpya. Namba ya kiwandani inabaki kwenye `mashine` kwa sababu haibadiliki hata mali ikiuzwa mara tano. Namba ya bandiko ambalo kila mmiliki hubandika kwa hesabu zake, hiyo ni ya `umiliki`. Nimeandika "mhusika" kwa makusudi. Ukitenga jedwali la wauzaji na jingine la wanunuzi, yule aliyeuza leo akirudi kesho kununua mashine tatu utamwandika mara mbili.

Kipindi kiandikwe kwa saa, na mwisho wake usihesabiwe ndani. Wa kwanza anaishia saa nne kamili asubuhi, wa pili anaanza saa nne kamili, na hakuna sekunde ya watu wawili wala sekunde isiyo na mwenyewe. PostgreSQL, programu ya hifadhidata, ina kizuizi kinachokataa vipindi viwili vya mashine moja vigongane. Kitumie, ahadi ya karani kwamba atakuwa mwangalifu haitoshi.

Mahali mashine iliposimama kunahitaji jedwali la umbo hilo hilo. Mkataba wa kamisheni ndio wenye mtego. Watu huuning'iniza kwenye mashine, lakini aliyesaini na mwenye jengo ni mtu, si chuma. Biashara ikiuzwa, mkataba unaweza kuhamishwa, kufa, au kuandikwa upya kwa asilimia nyingine, huku mashine haijasogea hata kidogo. Basi `mkataba` uunganishe mhusika na jengo, pamoja na kipindi chake.

Bei ya sasa ya B4 ikae kwenye `nafasi`, na bei iliyolipwa irudiwe kwenye kila mstari wa `mauzo`. Kuna atakayekuambia huko ni kurudia data. Mwache. Bei ya leo na bei aliyolipa mteja mwezi uliopita ni mambo mawili tofauti, hata kama yana tarakimu sawa.

Sasa fedha, maana ugomvi huzaliwa hapo. Mashine nyingi hutunza vihesabio ambavyo fundi huvisoma kwa kiwango cha DEX, utaratibu wa pamoja wa kutoa data kwenye mashine za kuuzia: jumla ya mauzo tangu mashine ilipoanzishwa, na jumla tangu ilipofutwa mara ya mwisho. Mimi huhifadhi ile ya kwanza kama ilivyosomwa, kwenye jedwali la `usomaji`, na mauzo ya kipindi nayapata kwa kutoa usomaji mmoja kwenye mwingine. Bodi ya kielektroniki ndani ya mashine ikibadilishwa kihesabio huanza upya, kwa hiyo usomaji uelekezwe kwa bodi, si kwa mashine moja kwa moja. La sivyo siku moja utaona mauzo hasi.

Kama mashine 17 ilisomwa Jumatatu na tena Ijumaa, na makabidhiano yalikuwa Jumatano, hakuna kwiri, yaani swali unaloiuliza hifadhidata, itakayokuambia sarafu zilizomo ndani ni za nani. Hifadhidata haiwezi kugawa kitu ambacho hakikupimwa. Ndiyo maana mimi hulazimisha kila mstari mpya wa `umiliki` uelekeze kwenye usomaji wa saa ile ile ya makabidhiano, na safu hiyo haikubali kuachwa tupu kwa mashine yoyote inayobadilisha mikono.

Kwa mistari ya kale, ile inayotoka kwenye faili la muuzaji, nalegeza kidogo. Tarehe ya kuanza ikiwa haijulikani naiacha tupu. Niliwahi kuona mtu amejaza tarehe moja kwa mashine zote ili jedwali lipendeze, na miaka miwili baadaye mhasibu akapiga uchakavu wa mashine zote kuanzia siku hiyo.