Weka ulimit ndani ya mabano

Zamani niliandika ulimit, amri inayowekea programu kikomo cha kumbukumbu na rasilimali nyingine, moja kwa moja kwenye terminali kabla ya kuendesha programu ninayoishuku. Siku moja niliweka kikomo cha kumbukumbu cha gigabaiti mbili, kazi ikaisha salama, kisha nikahangaika muda mrefu kwa sababu kila programu kubwa niliyoianzisha pale iligoma. Nilipojaribu kukipandisha, sheli (programu inayopokea amri kwenye terminali) ikakataa.

ulimit ni amri ya ndani ya sheli, na kuna sababu. Vikomo vya mchakato (programu inayoendeshwa) hurithiwa na watoto wake, yaani michakato inayoanzishwa nao. Ingekuwa programu ya pembeni, ingejiwekea kikomo yenyewe, ikaisha nacho, na sheli yako isiguswe.

Halafu kila kikomo kina ngazi mbili: laini, kinachotekelezwa, na kigumu, ambacho ni dari ya kile laini. Dari ukishaishusha, bila mamlaka ya mtumiaji mkuu huwezi kuirudisha. Na Bash, sheli niliyotumia, usipotaja -S (laini) wala -H (kigumu), hubadilisha vyote viwili kwa pamoja. Hapo ndipo niliponasa.

Sasa naandika hivi:

(ulimit -v 2097152; ./chambua data.csv)

Mabano huzaa sheli ndogo, na kikomo hakitoki humo. Namba ni ya kilobaiti, yaani gigabaiti mbili. Fahamu kwamba -v hupima nafasi ya anwani ambayo programu imejitengea, si RAM inayotumia kweli, hivyo programu zinazojitengea nafasi kubwa mapema huanguka kabla hazijafanya kazi yoyote. Usikimbilie -m, ambayo ni ya RAM inayotumika: Linux ya leo huipokea namba hiyo na kuipuuza.

-t nayo huhesabu sekunde za prosesa. Programu iliyolala ikisubiri mtandao haitumii hata moja, kwa hiyo kwa iliyokwama natumia amri ya timeout, inayoisimamisha muda wa saa ukiisha.

Ninalosisitiza zaidi ni hili: -v humbana kila mchakato peke yake. Programu ikizaa watoto wanne, kila mmoja ana gigabaiti zake mbili, na mashine inaweza kulemewa bila kikomo chochote kuvukwa. (-u ni tofauti, huhesabu michakato yote ya mtumiaji, hata ya terminali nyingine.) Ukitaka kubana kundi zima kwenye mashine yenye systemd (programu inayosimamia huduma kwenye Linux nyingi), tumia cgroup, yaani kundi la michakato lenye kikomo kimoja cha pamoja:

systemd-run --user --scope -p MemoryMax=2G ./chambua data.csv

Na kama mchakato tayari unaendelea, soma vikomo vyake halisi kwenye /proc, chini ya namba yake, katika faili liitwalo limits. Mimi huanzia hapo kabla ya kugusa chochote.