Ndoto ya Propertius si shajara

Nimekutana nayo tena, safari hii katika insha ya mwanafunzi hodari kabisa: eti ndoto katika elegia za Kirumi, yaani mashairi ya mapenzi ya Roma ya kale, ndipo mshairi anaposema kweli tupu. Alilala, akaota, akaamka, akaandika, kama mtu anayejaza shajara. Nimechoka kuyasahihisha haya pembeni mwa karatasi.

Soma shairi la 26 la kitabu cha pili cha Propertius, mmoja wa washairi hao, wa karne ya 1 KK. Msimulizi anamwona mpenzi wake Cynthia ndotoni. Meli imevunjika, naye yumo katika Bahari ya Ionia, mikono imechoka kupiga maji, nywele zimelowa hadi haziinuki. Anakiri uongo wote aliowahi kumwambia. Sasa tazama msimulizi anafanya nini huku mpenzi wake anazama. Anamfananisha na Helle, binti aliyeanguka baharini kutoka mgongoni mwa kondoo wa dhahabu. Anawaza kwamba Glaucus, mungu wa bahari, angeyaona macho yale, Cynthia angegeuzwa nimfu, yaani mungu-jike wa majini, na binti za Nereus, nimfu wa baharini, wangemwonea wivu. Pomboo anakuja kuokoa, na msimulizi anadhani ndiye yule wa hadithi aliyewahi kumbeba mwanamuziki Arion na kinubi chake. Kisha anajiandaa kujitupa kutoka juu ya jabali, na hofu inamwamsha kabla hajaruka.

Hiyo ni picha iliyopangwa. Mikono, nywele, macho, kimoja baada ya kingine, na mtazamaji amesimama juu, pakavu. Helle mwenyewe Warumi walimjua kwa macho: ukutani Pompeii, mji wa kale wa Kirumi, amechorwa akinyoosha mkono kutoka majini. Tena ndoto hii inampa mwanamume kila anachonyimwa akiwa macho, yaani Cynthia asiye na nguvu, anayetubu, anayeliita jina lake. Swali la kuuliza ni nani anatazama, na kutazama huko kunamfaidi nani. Kuuliza kama aliota kweli hakutufikishi popote.

Shairi la 3 la kitabu cha kwanza linaonyesha kwamba Propertius alilijua hilo vizuri. Mlevi anarudi usiku, anamtazama Cynthia aliyelala, na anachoona ni wanawake wa hadithi za kale: Ariadne, Andromeda, mfuasi wa Bacchus, mungu wa mvinyo, aliyezimia kwa uchovu. Anafikia hadi kumtungia ndoto: anahofu kwamba humo usingizini kuna mtu anamlazimisha kuwa wake. Halafu mwezi unaingia dirishani, Cynthia anafumbua macho na kumgombeza. Picha nzima inavunjika.

Wanaoshikilia kwamba mashairi haya ni shajara hukimbilia shairi la 7 la kitabu cha nne, na hapo nawaelewa. Mzuka wa Cynthia unakuja usiku, gauni limeungua ubavuni, pete ya kidoleni imeliwa na moto, analalamika kwamba hakutupiwa hata maua yasiyo na gharama. Linaumiza kulisoma. Lakini fungua ukurasa: katika shairi la 8 Cynthia yu hai, anavunja karamu ya Propertius na wanawake wawili. Shajara gani huandikwa hivyo?

Simaanishi kwamba hakukuwa na mwanamke. Apuleius, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 2 BK, anasema jina halisi la Cynthia lilikuwa Hostia, nami sina sababu ya kumpinga. Wala sijaridhika na mahali wahariri wanapolikata lile shairi la 26, kwa maana mistari inayofuata ina safari nyingine ya baharini, na wengine huihesabu kuwa shairi jingine. Zikiunganishwa, msimulizi anashuka jabalini na kupanda meli pamoja naye, na hoja yangu kuhusu mtazamaji wa pakavu inapungua nguvu.