Chembe nyingi, kinga hakuna

Mama mmoja wa Kisauni alinishika mkono nilipomaliza kumsomea majibu ya mwanawe. "Daktari, si husemwa chembe nyeupe ndizo askari wa mwili? Huyu anazo 90,000, mbona homa haimtoki?"

Swali lake limegusa penyewe. Mtu mzima mwenye afya huwa na chembe nyeupe kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila maikrolita ya damu. Za kijana huyu zilikuwa nyingi, lakini changa. Niliziona kwenye hadubini: kubwa, kiini kimejaa karibu chembe nzima, na ndani ya baadhi yake vijiti vyembamba vyekundu. Vijiti hivyo nikiviona kwenye chembe changa nyingi namna hii huwa sina shaka tena kwamba ni lukemia kali ya mieloidi, aina ya saratani ya damu. Nikamwambia mama: hawa ni askari walioandikishwa kabla hawajajua kushika silaha.

Damu hutengenezwa ndani ya uboho wa mifupa. Chembe moja ya huko ikiharibika, huzaa wenzake wasiokomaa mpaka wakajaza nafasi yote. Chembe nyekundu zikakosa pa kukulia, ndipo kijana akawa anahema akipanda ngazi za ghorofa moja tu. Chembe za kugandisha damu nazo zikapungua: akipiga mswaki fizi zinatoka damu, na miguuni ana vidoa vyekundu visivyofifia ukivibonyeza.

Alikuwa ameshatibiwa malaria mara mbili. Hapa Pwani homa na uchovu huanzia kwenye malaria, naelewa. Lakini kipimo kikikosa vimelea na mtu bado amenyauka, omba damu ihesabiwe yote, na slaidi itazamwe kwa jicho la mtu. Maji ya biturutu aliyokuwa akinyweshwa yasingeweza kumsaidia, kwani kiwanda chenyewe cha damu, ule uboho, ndicho kilichovamiwa.

Aina nyingi za ugonjwa huu huanza kutibiwa kwa sitarabini siku 7 na daunorubisini siku 3. Dawa hizo hufagia uboho, wabaya na wazuri pamoja, kisha ni wiki kadhaa za kungoja uote upya. Katika wiki hizo homa yoyote ni dharura, hata ya usiku wa manane. Na damu ya kuongezewa haina budi kuwepo. Chembe za kugandisha hazikai akiba. Kwa kawaida siku 5 tu zimekwisha muda. Kwa hiyo nilimwomba mama asilete jamaa wote kuchangia damu siku moja. Aliwapanga kwa zamu, wajomba kwanza.