Kumficha mjamzito habari za upasuaji wa kujifungua hakumtulizi

Huku Mtwara na Lindi ndugu hunong'onezana: "Msimwambie kitu, presha itapanda." Sivyo. Asiyejua kinachomngoja ndiye anayeshtuka zaidi. Mwelezeni mapema: mara nyingi ganzi huchomwa mgongoni akiwa amekaa na kuinama, kisha miguu inakuwa mizito. Atakuwa macho. Atahisi kuvutwa na kusukumwa tumboni, si kisu, na huenda akatetemeka mwili mzima. Hilo ni la kawaida.

Hatari hasa ni shangazi anayempenyezea uji "apate nguvu". Uji ni chakula, na chakula husitishwa angalau kwa saa 6 kabla, maji matupu saa 2, isipokuwa wodi iagize vingine. Akitapika, kinaweza kuingia mapafuni. Kama ameshakunywa, mwambieni muuguzi ukweli, aibu baadaye.