Mashine Ikikunyima Mkopo, Utamuuliza Nani?

Muuza omena wa soko la Kibuye, Kisumu, ana siku zake mbaya kila mwezi. Mbalamwezi ikiwaka, taa za wavuvi hazivuti omena, mitumbwi hurudi na kidogo, na pesa zinazoingia kwenye simu yake hupungua. Kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wenyewe wa omena hufungwa ili samaki wazaane. Pale ufuoni Dunga hata mtoto anayajua haya. Programu ya mikopo iliyoundwa mbali na ziwa huenda haiyajui. Inachoona ni mteja ambaye miamala yake imeshuka, basi inampunguzia kiwango cha mkopo au inamjibu kwamba hastahiki kwa sasa. Akipigia huduma kwa wateja, anaambiwa: "Mama, ni sistimu."

Hapo ndipo mjadala wa kusimamia akili unde, yaani AI, unapomhusu mwananchi wa kawaida. Wengi wakisikia habari hizi hufikiria roboti, au video bandia za wanasiasa zinazozagaa wakati wa kampeni. Video hizo ni tatizo, sikatai. Ila kwangu kipimo cha mwongozo wowote wa kitaifa ni kimoja: mashine ikiamua jambo linalogusa maisha yako, je, kuna mtu mwenye cheo na ofisi anayelazimika kukueleza kwa nini, na mwenye uwezo wa kuubadilisha uamuzi huo?

Machi 2025 Wizara ya Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali ya Kenya ilizindua Mkakati wa Kitaifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030. Mkakati huo umesimama juu ya nguzo tatu: miundombinu, data, na utafiti na ubunifu. Ni hatua nzuri, lakini mkakati si sheria, na huwezi kumshtaki mtu kwa kuukiuka. Yenye meno kwa sasa ni Katiba, inayolinda faragha katika Kifungu cha 31 na kutupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi, katika Kifungu cha 47, pale hatua ya kiutawala inapoathiri haki zetu. Pia ipo Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Sehemu ya 35 ya sheria hiyo ingefaa kubandikwa kwenye kila duka la wakala wa pesa. Inasema una haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Kuna misamaha: uamuzi ukihitajika kwa ajili ya mkataba, ukiruhusiwa na sheria nyingine, au ukiwa umekubali mwenyewe. Na nani hasomi masharti kurasa arobaini kabla ya kubonyeza "Nakubali"? Karibu sote. Hata hivyo, msamaha haumalizi wajibu. Kampuni bado inatakiwa kukuarifu kwa maandishi kwamba uamuzi ulifanywa na mashine, nawe unaweza kudai uangaliwe upya na binadamu.

Tundu lipo hapa. Chukua karani aliyeketi mbele ya skrini, foleni imefika mlangoni, kompyuta imeandika "kataa", naye anabonyeza "sawa" kwa kila jina. Kampuni itasema binadamu alihusika. Alihusika vipi, ikiwa hakuona sababu, hana muda wa kuuliza, na hana ruhusa ya kupinga? Sheria mpya ikija, ieleze kwamba binadamu anayehesabika ni yule aliyeziona sababu na mwenye mamlaka ya kuamua kinyume. Bila hivyo tutakuwa na mihuri mingi na haki kidogo.

Tusinaswe pia na jina. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, hukadiria mchango wa bima ya afya wa familia zisizo na mshahara kwa kuuliza maswali kuhusu nyumba, choo, mifugo na kadhalika, kisha hesabu ya kompyuta hutoa kiwango, kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi. Uiite akili unde au usiiite, mkulima wa Butere mwenye paa la mabati na ng'ombe wawili wa kurithi ana swali lile lile: nimefikiaje kiasi hiki?

Si kila programu inahitaji ukali huo. Nuru, programu ya mradi wa PlantVillage, hukagua majani ya muhogo kwa kamera ya simu na kutambua magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia, hata pasipo intaneti. Ikikosea, mkulima wa Busia bado anaweza kumuuliza afisa wa kilimo. Sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya, iliyopata nguvu ya kisheria Agosti 2024 na kuanza kutumika kwa awamu, hupanga mifumo kwa uzito wa madhara yake. Wazo hilo tuliazime. Ila orodha ya hatari tuiandike wenyewe, kwa sababu huko hakuna msimu wa omena.

Ya lugha nayo isisahaulike. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Maseno na wenzao walikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na lahaja za Kiluhya, zikiwemo Lubukusu na Lulogooli, katika mradi wa Kencorpus. Mashine isiyoelewa mgonjwa anayejieleza kwa Lubukusu haifai kupanga foleni ya hospitali ya Bungoma.

Kuhusu msimamizi, mimi siungi mkono kuunda mamlaka mpya leo. Benki Kuu inawajua wakopeshaji wa kidijitali, kwani imekuwa ikiwapa leseni chini ya kanuni za 2022. Ipewe wataalamu wa kukagua mifumo yao. Kaunti nazo zichapishe orodha ya mifumo zinayonunua, pamoja na tathmini ya athari zake kwa data za watu iliyofanywa kabla ya kununua. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilibatilisha uzinduzi wa kadi za Huduma kwa sababu tathmini hiyo haikuwa imefanywa.

Wakati tunasubiri sheria, tumia iliyopo. Piga picha ya skrini yenye jibu ulilopewa. Iandikie kampuni, hata kwa ujumbe mfupi, ukitaja sehemu ya 35 na kuomba binadamu aangalie upya. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inampa siku 90 kuyachunguza na kuyamaliza, na asiyeridhika na uamuzi wake anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.