Kelele za dashibodi: muulizeni klipu, si aliyeifungua

"Dashibodi ikishafunguliwa haitulii tena." Jamani! Kila gari la Japani likiletwa kubadilishiwa redio, maana zile za zamani huishia FM 90 na stesheni zetu zinafika 108, lazima mtu aniambie hivyo.

Kufungua kwenyewe hakuna maajabu. Toa waya hasi wa betri, na ukiwa karibu na mifuko ya hewa subiri angalau sekunde 90. Tumia kipande cha plastiki kuchokonolea, si bisibisi bapa. Vuta fremu inayozunguka redio moja kwa moja kuja kwako, usiipinde, na usiibugudhi ikiwa baridi, kwa sababu plastiki iliyopigwa jua miaka mingi hupasuka. Chomoa soketi ya swichi ya hazadi (taa za dharura) kabla hujaitoa fremu yote. Redio yenyewe mara nyingi ni boliti nne za spana namba 10.

Sasa klipu. Kwenye Toyota nyingi ni kijibati chenye springi kilichovikwa kwenye ulimi wa plastiki. Ukivuta fremu, baadhi ya vijibati hubaki tunduni. Fundi mwenye haraka hatazami. Anasukuma ulimi mtupu, anasikia "ta", anapokea hela yake. Kijibati kinasukumwa ndani, kinadondoka nyuma, na kila tuta kinacheza. Hapo una kasoro mbili: fremu imelegea, na chuma kinazurura. Kwa hiyo kabla ya kurudisha, hesabu ndimi, hesabu vijibati. Kilichobaki tunduni kitoe kwa plaisi ndogo na ukivishe ulimi wake mpaka kikamate. Kilichopotea kitafutwe au kinunuliwe kingine. Msiniambie "kimoja hakina shida".

Wapo wanaomalizia kwa supa gluu. Mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki nyeusi, na atakayefungua baada yako atang'oa ulimi mzima.

Skrubu za plastiki zirudishe kwa mkono: zungusha kinyume taratibu mpaka uhisi imedondokea njia yake ya zamani, ndipo ukaze. Drili huliwaza fundi na kula uzi wa plastiki.

Halafu kuna bando la waya la redio mpya, ambalo watu hulisukumia nyuma likagonge chuma. Lifunge kwa mkanda wa sponji. Kelele ya kugonga ni kitu kilicholegea. Ile ya kulia "kwii" ni plastiki kusuguana, na dawa yake ni mkanda wa felti pale zinapogusana.

Zipo kelele zinazonishinda kuzitafuta. Sauti husafiri: inasikika kwenye redio kumbe ni ukingo wa kioo cha mbele, au droo ya abiria. Na ya asubuhi hupotea jua likipanda, kwa kuwa plastiki imetanuka. Mwingine aendeshe, wewe bonyeza kwa kiganja. Ikinyamaza umepata jirani wa tatizo. Tatizo lenyewe linaweza kuwa sentimita 20 pembeni.